Mwendo wa Birindwa

Fikiria mtu amemtafuta ndugu yake miaka ishirini na miwili, halafu anamkuta ndani ya kompyuta, hana uso, hana nguo, hana jina, ni vitone kumi na vitatu vyeupe gizani. Na bado anaombwa atulie. Emérence hakutulia.

Alikuwa ametoka Louisville, huko Marekani, anakoishi mtaa wa Highview na mumewe Nshombo, akaenda Columbus kwa harusi ya binti wa binamu yake. Jumapili, baada ya ibada, msichana wa Kikenya aitwaye Kananu alisimama kuomba watu. Anasoma chuo kikuu, anachunguza jinsi jicho linavyotambua mwendo, anahitaji watu wazima wa kutazama picha kwa nusu saa. Emérence alikubali kwa sababu basi lake lilikuwa la jioni, na nyumbani kwa binamu yake wameshaanza kugombania sufuria za harusi.

Kananu alimweleza vizuri, hilo tusimnyime. Kuna watu walibandikwa vidude vinavyong'aa kwenye mabega, viwiko, magoti na viungo vingine, wakatembea, na kamera ikachukua vile vidude tu. Vikisimama huoni kitu, ni maharage yaliyomwagika sakafuni. Vikianza kwenda, papo hapo unaona mtu, maana jicho linaujua mwendo wa binadamu hata lisipoonyeshwa binadamu mwenyewe. Kazi ya Emérence ilikuwa kusema tu kama anayepita ni mwanamume au mwanamke.

Mwanamume. Mwanamke. Mwanamke. Alipopita wa kumi na moja, akaisogelea skrini.

Yule mtu alikwenda hatua nne, ya tano akairuka kidogo, kama mtoto anayemkimbilia aliye mbele. Na aliye mbele alikuwa Emérence. Kule kwao Walungu, mashariki ya Kongo, njia nzima ya shule, alikwenda kwa haraka zake, mdogo wake Birindwa akirukaruka nyuma ili amfikie. Birindwa akakua, akampita kwa urefu, lakini ule mruko haukumtoka. Hata siku ya kukimbia vita Emérence alitangulia, mtoto wake mgongoni. Alipogundua kwamba nyuma yake hasikii tena ile miguu, watu walikuwa wengi mno na kurudi hakuwezekani.

“Uyu ni mutoto wa mama yangu,” alisema. “Rudisha.”

Kananu alirudisha mara sita. Jina hakulijua, alikuwa na namba peke yake. Ikamponyoka kwamba hao walipigwa picha Buffalo, akajutia hapo hapo, maana hakutakiwa kusema hata hilo. Watu walitia saini wakaahidiwa siri. Emérence akauliza siri gani hiyo ya kumficha dada aliyemlea mtu kwa mgongo wake. Kananu, macho yamemjaa machozi, aliahidi kumuuliza profesa wake.

Wiki sita nzima akangoja jibu. Kwenye ghala anakofungasha maboksi, Emérence alitazama miguu ya watu mpaka msimamizi akamsemesha. Nshombo akamwambia kwa upole kwamba wanaoruka ni wengi, na vitone ni vitone tu. Hapo ndipo damu ilipomchemka kweli kweli. Mwanamume aliyekutana naye kambi ya wakimbizi, hajawahi kumwona Birindwa hata siku moja, leo anamfundisha mwendo wa ndugu yake!

Akapanda basi hadi Buffalo. Siku tatu alizunguka mitaa ya West Side, kanisa hadi kanisa, duka hadi duka, akiuliza Birindwa. Hakuna Birindwa. Na angepatikanaje kwa jina hilo? Kambini watu waliandikwa kwenye karatasi za familia za wengine ili wasafiri, na wengine wanaitwa hadi leo majina ya watu wasiowajua. Picha hakuwa nayo, kwa hiyo alisimama mbele ya duka moja akauonyesha ule mruko kwa miguu yake mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na mbili. Wanawake waliokuwepo walimhurumia, wakampa chai.

Aliporudi, jibu la profesa likawa limefika. Karatasi iliyounganisha namba na majina iliharibiwa zamani, kama watu wale walivyoahidiwa. Hakuna aliyemkatalia, hakuna aliyemdanganya, hakuna hata wa kugombana naye. Emérence alilia kwa hasira, si kwa huzuni.

Jumamosi iliyofuata alikuwa tena Columbus, mlangoni kwa Kananu.

“Bon,” alisema. “Unibandike na miye.”

Kananu alimweleza bila kumficha. Picha mpya zitaonyeshwa Buffalo mwaka ujao, na waliotembea zamani wataalikwa kwa tangazo la wote, maana majina yao hayapo, waje kuzitazama wakitaka. Hawezi kuahidi zaidi ya hapo. Akambandika vidude vyote kumi na vitatu, akawasha kamera.

Emérence akaondoka kwa haraka zake zile zile za njia ya shule, hatua nne. Kisha akasimama, akageuka nyuma.

“Mama, usisimame, tafadhali,” Kananu alisema. “Ukisimama unapotea. Mtu ataona vitone tu.”

Emérence akatazama skrini iliyokuwa ukutani. Kweli, alikuwa maharage. Maisha yake yote hakuwahi kusimama kumngoja yule mtoto, na leo anapomngoja anaambiwa kungoja hakuonekani.

Akainua mkono, kiganja kikitazama chini, akaita kwa mkono mzima, namna wanavyomwita mtoto kwao. Kwenye skrini vitone vikakusanyika, akawa mwanamke aliyegeuka nyuma kumwita mtu.

“Chukua ivi ivi,” alisema. “Usikate.”

Mkono ulianza kuuma baada ya dakika chache. Kananu hakuzima kamera, na Emérence aliendelea kuita.