Paka Aliyekuja Kulala Msibani

Niliota usiku wa jana kwamba turubai la msiba limerudi uani kwangu. Lile lile la bluu tulilokodi mke wangu Tunu alipofariki, na ambalo vijana walilikunja na kulirudisha kwa mwenyewe mimi nikiangalia. Sasa limefungwa tena kwenye mlimau, viti vya plastiki vimepangwa, na sufuria kubwa la pilau limekaa kwenye kiti cha mwenyekiti.

"Mzee Singano, karibu," likasema sufuria. Sauti yake ilikuwa na mwangwi, maana ndani hamkuwa na kitu. "Kamati imekutana ili tuanue matanga."

"Matanga yalianuliwa zamani," nikasema. "Watu walikula, wakasoma dua, wakaenda zao."

"Hawajaenda wote. Kuna mgeni mmoja bado analala hapa."

Viti vyote vikageuka kumtazama paka.

Huyu paka lazima nimweleze. Si wangu. Alitokea siku ya mazishi, wa kijivu, sikio moja limechanika, akajilaza mkekani katikati ya wanawake kama aliyealikwa. Nikadhani kafuata nyama. Nyama ikaisha, watu wakaisha, yeye akabaki. Sikumpa jina, nilimwita "wewe" tu, maana mimi si mtu wa paka. Lakini akawa ananilalia kifuani, ananguruma taratibu, na mimi nikawa nalala. Usingizi wa kweli, mimi niliyekuwa nakodolea dari mpaka kunakucha! Nikawa napika pia, kwa sababu dagaa hawajipiki wenyewe, na ukishawasha moto kwa ajili ya paka unaona haya kulala njaa wewe.

Turubai likakohoa. "Jamani, mimi naomba nifunguliwe. Mgongo unaniuma. Msiba gani huu usioisha?"

"Ushahidi kwanza," likasema sufuria.

Shahidi ni kile kipimo cha presha cha zahanati ninakopimwa. Kimekuja kwa miguu, kimejizungushia mkanda wake shingoni kama skafu. Kinaapa. Kinasema presha ya mgonjwa huyu ilipanda siku ya mazishi, ikapanda, ikapanda, mpaka juu ya bati, na haikutaka kushuka kwa dawa wala kwa kubembelezwa.

Natazama juu. Kweli, Presha yuko juu ya bati. Ni bwana mfupi, mnene, amevaa kaptula, anatafuna karanga na kunirushia maganda.

"Na kila jioni," kinaendelea kipimo, "nilimwona paka akipanda kule juu, akimbeba kwa ngozi ya shingo kama anavyobeba mtoto wake, akimshusha chini na kumlalia mpaka atulie. Muuguzi alipoziona namba zimeshuka alidhani nimeharibika. Alinipigapiga, jamani. Na mimi sikuwa nimeharibika."

"Pole," nikakiambia.

"Nimeshapoa," kikasema, kikakaa.

Nikasimama, moyo wangu kwatu. "Basi mmesikia wenyewe. Paka ananisaidia. Abaki, tuyamalize."

Hapo hapo ua ukawa si ua tena. Tumo ndani ya kabati la Tunu, sote na viti vyetu, tumebanana kati ya kanga zake. Hakuna aliyeshangaa. Pananukia udi na sabuni ya mche, na mimi natamani kikao kiendelee hata mwaka mzima.

Paka akasafisha koo. Alikuwa na sauti ya mtu aliyekesha.

"Mzee Singano, mimi sikuja kuishi. Nilikuja kulala msibani. Kazi yangu ni kumlalia mfiwa mpaka alie. Akishalia, naaga. Wengine wanalia siku ya kwanza, nakula kichwa changu cha samaki, naondoka. Wewe hujalia mpaka leo."

"Nilijikaza."

"Najua ulijikaza. Hicho kilio ulichokibana ndicho ninachokilalia kila siku." Akanigusa kifuani kwa ukucha. "Kimekuwa kigumu kama jiwe la kusugulia miguu. Mbavu zangu zimepinda."

Nikamtazama ubavuni. Loo, zilikuwa zimepinda kweli. Alikuwa amekonda, manyoya yamesimama, na mimi muda wote nilikuwa naona joto lake tu.

"Basi silii," nikasema. "Kama nikilia unaondoka, silii ng'o! Nitakuongezea dagaa. Nitakununulia maziwa, yale ya pakiti."

Kanga za Tunu zikatazamana, zikafunika maandishi yao kwa pindo.

"Mimi ni mmoja," paka akasema, "na mtaa una watu. Ninaitwa kwa Kiluvia."

Kiluvia ni fundi baiskeli, nyumba ya pili kutoka kwangu. Mtu mzima mwenye mvi, hana mke wala mtoto, anaishi na mama yake, Bi. Chausiku. Wako wawili tu.

"Kwa Kiluvia kuna nini? Bi. Chausiku mzima kabisa. Jana nimemwona anaanika muhogo, kanitania kama kawaida yake."

"Ameuanika," paka akasema. "Hatauanua."



"Na Kiluvia ni wa aina yako," akaendelea. "Hatalia. Atakaa barazani na taya lake, Presha apande huko juu akatafune karanga, na hakuna wa kumshusha."

Nitasema kweli: niliwaza, naye atafute paka wake. Huyu akiondoka, mimi nitabaki na nani? Nitabaki na saa ya ukutani na kiti kitupu. Niliwaambia hivyo wote, kwa sauti, na kipimo cha presha kikainamisha kichwa.

Paka hakubishana. Alinipanda magotini, akafika kifuani, akanisogelea pua kwa pua, akaniuliza:

"Umeamka?"

Ala! Hilo ni swali la Tunu. Kila asubuhi, miaka yote ya ndoa yetu, mimi nimekaa kitandani navaa viatu, ananiona kwa macho yake mawili, na bado anauliza, "Umeamka?" Na mimi namjibu, "La, bado nimelala." Anacheka, kila siku kama ndiyo anasikia leo. Tangu azikwe hakuna mtu aliyeniuliza kama nimeamka. Naamka tu.

"La," nikasema, "bado nimelala."

Nililia. Nililia kwa sauti mbaya, kama ng'ombe, mbele ya sufuria na kamati yake. Nilimwita mke wangu. Nilimwambia nyumba imekuwa kubwa, chai hainikolei, sijui alikokuwa akiweka sindano, shati langu la Ijumaa halina kifungo. Nilimwambia nimemkosa, nimemkosa sana, Tunu wangu. Kipimo cha presha kilinizungushia mkanda wake mkononi, wala hakikunipima, kilinishika tu. Kabati likawa ua tena, turubai likajifungua lenyewe. Presha akateremka kwa mlimau, akanipa mkono wa pole, akaenda zake kichwa chini.

Paka akajinyoosha, miguu ya mbele kwanza, kisha ya nyuma.

"Haya, mzee. Ukija huko uje na mkeka. Mikeka huwa haitoshi."

Nikaamka. Muadhini alikuwa anamalizia adhana ya alfajiri. Mto ulikuwa umelowa chapachapa, kifua chepesi, na baridi imeniingia mahali anapolala paka. "Wewe!" nikaita. Nikaita tena mpaka jikoni. Hayupo. Nikajiambia, Singano, ndoto ni ndoto, acha uzee. Lakini mkono ulikuwa umeshavuta mkeka uvunguni.

Kwa Kiluvia kulikuwa kimya. Hapakuwa na turubai, hapakuwa na kilio, hapakuwa na mtu njiani. Muhogo ulikuwa bado uko nje juu ya jamvi, umelowa umande. Kiluvia alikuwa amekaa chini barazani, mgongo ukutani, taya limekaza, na mapajani pake amelala paka wa kijivu mwenye sikio lililochanika.

"Nani kakwambia, mzee?" akaniuliza. "Mama kanifia mikononi sasa hivi. Bado sijamwambia mtu."

Nikatandika mkeka pembeni yake. Paka alinitazama kama tusiojuana, kisha akasogea kidogo, akanipisha.