Kanga ya Mfalme

Ilikuwa siku ya mwisho ya maonyesho ya vitu vya kale hapa Dubai, nami nilitaka kitu kimoja tu: kuyaona mashoka ya mawe ya kwetu Isimila, niliyoyasoma chuoni, katika ukumbi wa mwisho. Lakini Bi Joha, mpishi mwenzangu kwa madam, tajiri wetu, akakwama kwenye maiti ya kale ya Misri iliyolazwa ndani ya sanduku la kioo.

“Hajazikwa, na watu wanapiga picha!” akamfokea mlinzi Mkenya. “Angekuwa bibi yako?”

“Madhe, huyo ni mfalme. Yalla, twende, tunafunga.”

“Mfalme ndiyo asisitiriwe?”

Nikamvuta mkono. “Bi Joha, mawe yangu!”

“Subiri, mwanangu.” Akatoa kanga mkobani, akaitandaza juu ya kioo.

Taa za ukumbi wa mwisho zikazimwa. Nilitamani kulia kwa hasira. Kanga ikaanza kuteleza, nikaushika upande wa pili.