Fundi wa Bomba wa Ghorofa ya Tatu

Avelina alihamia chumba namba thelathini na moja siku ya Jumanne, mwezi wa Juni, akiwa na godoro, jiko la mkaa, ndoo mbili na debe la unga wa ulezi. Jengo hilo la Katandala lilikuwa hoteli kwa miaka ishirini na tisa, mpaka wageni walipokwisha na shirika moja likalinunua ili kuwapangisha watu wa kipato kidogo. Baa iligawanywa kwa matofali ikawa vyumba vinne vya familia. Vibao vya USISUMBUE vilibaki vikining'inia vitasani, na watoto wa chini walivichukua kuchezea duka.

Modesti, msimamizi wa jengo, aliyekuwa mlinzi wa hoteli hiyo tangu ujana wake, alimpandishia godoro.

"Huku juu maji hayatoki mchana, Mama Coleta," alimwambia. "Subiri jua lizame. Kuna fundi."

Avelina alikaa juu ya godoro, blanketi mabegani, maana upepo wa Juni ulikuwa umeshaanza kushuka kutoka milima ya Mbizi. Kule Malangali, alikopanga kwa miaka kumi na tisa, alizoea kumsikia mwenye nyumba akikohoa upande wa pili wa ukuta. Hapa hakusikia mtu. Kuta zilijengwa nene kwa ajili ya watu waliolipa ili wasisikiane.

Saa kumi na mbili na nusu alisikia chuma kikigongwa. Alichukua ndoo, akafungua mlango. Mwishoni mwa korido, pale bomba la kutoka kwenye tangi lilipoingilia ndani, kijana mmoja mwenye ovaroli la bluu alikuwa amepiga magoti, spana mkononi, ncha ya ulimi ameibana kwenye pembe ya mdomo. Vumbi la saruji lilikuwa limemfunika hadi kwenye kope. Alikuwa Kasmir, mumewe.

"Shikamoo, mama," Kasmir alisema.

"Marahaba," Avelina alijibu, kwa kuwa ndivyo salamu hiyo inavyojibiwa.

Walikuwa hawajaonana tangu mwaka tisini na tatu. Wakati ule Avelina alikuwa na miaka ishirini na tatu, Kasmir ishirini na saba. Sasa Avelina alikuwa na hamsini na nne, na Kasmir alikuwa bado na ishirini na saba.

Maji yalitoka. Alijaza ndoo, akaifunika, akashuka kwa Modesti.

"Yule fundi ni nani?"

"Kasmir. Yupo tangu enzi za hoteli." Modesti alikuwa akipanga funguo kwenye misumari. "Siku ya kumwaga zege alidumbukia kwenye lile kasha la mbao la nguzo ya tangi, ile ya nne. Zege lilikuwa limeshachanganywa, nyapara akasema likikaa litaganda. Wakamwaga. Kazi ya bomba alikuwa hajaimaliza, ndiyo maana hutoka jioni kuja kuimalizia. Saa mbili anarudi nguzoni. Asubuhi unakuta bomba limeachia palepale."

"Mlijua wote?"

"Tulijua. Hata wageni walimzoea. Kuna mmoja alikuwa akimwachia soda."

"Na mkewe aliambiwa?"

Modesti alitundika ufunguo mwingine. "Nasikia kuna jambo aliambiwa."

Avelina alilijua jambo lenyewe. Nyapara alimtuma mtu Msanzi, kijijini kwao, aseme kwamba Kasmir amevuka kwenda Zambia na mwanamke muuza pombe. Mashemeji zake walisema kwamba aliyekwenda Zambia anaweza kurudi, kwa hiyo wakalichukua shamba wamtunzie, na bado wanamtunzia mpaka leo. Coleta, aliyezaliwa miezi minne baadaye, alikua akiitwa mtoto wa mtoro. Parokiani hawakuweza kumsomea misa ya marehemu mtu ambaye hakuna aliyesema amekufa. Kwa miaka thelathini na moja Avelina alikuwa amemwekea mumewe hasira, akiitunza isipoe. Usiku ule alikaa nayo chumbani asijue ampe nani.

Asubuhi alimpigia Coleta, aliyeolewa Mpanda, akamweleza yote.

"Kwa hiyo baba ana miaka mingapi?" Coleta aliuliza.

"Ishirini na saba."

"Nimempita," Coleta alisema. Walisikilizana wakipumua mpaka salio likaisha.

Jioni Avelina alitoa kigoda, akakiweka karibu na bomba, akapakua ugali wa ulezi na maharage kwenye sahani mbili. Kasmir alishukuru, akasema akiwa kazini hali chakula.

"Mimi ni Avelina," Avelina alisema.

Kasmir alimtazama kwa adabu, kama kijana anavyomtazama mama wa watu aliyechoka. "Jina zuri hilo, mama. Hata mke wangu anaitwa hivyo."

Avelina alikula sahani yake. Nyingine aliirudisha ndani ikiwa imepoa.

Siku ya Ijumaa alikwenda kwa Fortunata, afisa wa shirika, ambaye ofisi yake ilikuwa pale palipokuwa mapokezi. Aliomba mambo matatu: nguzo ya nne ivunjwe, Kasmir azikwe, na yeye aandikwe mjane, maana kwenye fomu ya kuomba chumba alikuwa ameandika ameachwa.

Fortunata alimsikiliza mpaka mwisho. "Pole sana, mama. Lakini nguzo ile imebeba maji ya kaya arobaini. Tukiivunja, watu watakunywa nini?"

"Basi niandikeni mjane."

"Mtu anayeonekana kazini kila jioni siwezi kumwandika marehemu."

"Mwandikeni mfanyakazi wenu, basi."

"Marehemu haajiriwi, mama."

Aliyasema hayo kwa upole, akamsogezea Avelina kiti mahali penye jua. Wiki iliyofuata shirika liliwatangazia wapangaji kwamba tatizo la maji ghorofa ya tatu limepatiwa ufumbuzi wa kudumu.

Avelina aliendelea kutoa kigoda kila jioni. Majirani walikuja na ndoo zao, wakamsalimu fundi, wakajaza, wakafunga milango. Walibaki wawili koridoni. Kasmir alikuwa mzungumzaji, kama alivyokuwa zamani. Alimsimulia Avelina habari za mkewe: kwamba hapendi kuamshwa, kwamba ana ujauzito, kwamba walipoagana alimnunia kwa sababu ya sweta aliloacha kumnunulia. Sweta lenyewe Avelina alikuwa amelisahau kabisa.

"Mama, wewe huwa unafika Msanzi?" Kasmir alimuuliza mwezi wa Agosti.

"Huwa nafika."

"Ukifika, nipitie nyumbani. Mwambie nimechelewa kidogo kwa sababu ya kazi. Asije akasikia maneno ya watu."

"Nitamwambia."

Siku mbili Avelina hakutoka. Jioni alizima taa akakaa chumbani, akisikiliza chuma kikigongwa nyuma ya mlango, na kikinyamaza. Siku ya tatu, muda unaomtosha mtu kwenda Msanzi, kulala na kurudi, alivaa viatu vya safari, akajifunga kanga nzuri, akatoka.

"Nimemkuta," alisema. "Hajambo."

Kasmir aliweka spana chini. "Amesemaje?"

"Amesema hajasikia maneno yoyote. Amesema anakusubiri."

Kasmir alijifuta uso kwa mkono, na vumbi la saruji likabaki vilevile.

"Ahsante, mama," alisema. "Sasa nishikilie hapa, lisicheze."

Avelina alipiga magoti, akashikilia bomba kwa mikono yote miwili. Lilikuwa baridi sana.