Mali ya Idwal Prosser

Idwal Prosser alikuja kumchukua mbwa Siani mchana kweupe, buti zimejaa matope ya zizini. Alipita mlango wa mbele. Huku kwetu Ceredigion mkulima akikujia kwa mlango wa mbele, ujue ana ugomvi.

"Heledd, naambiwa una mbwa wangu."

Siani alijificha nyuma ya miguu yangu. Nilimwokota barabara ya mlimani, mbavu nje, chuchu zimejaa maziwa, na watoto hawapo. Daktari wa mifugo alipompitishia mashine shingoni, chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi ikatoa jina la mwenyewe, Idwal. Jitu hili huuza watoto wa mbwa kwenye maegesho ya magari, bila chipu hata mmoja ingawa sheria inaidai, ili wakiugua asijulikane aliyewazalisha. Lakini majike yake aliyatia chipu yote, kwa jina lake kamili, maana huku wezi wa mbwa wa kuchungia kondoo hawakosekani, na Idwal anaogopa kuibiwa kuliko anavyomwogopa Mungu. Nilipojua hivyo nilicheka, kisha nikashikwa na hasira.

"Una hakika ni wako?"

"Chipu inasemaje? Alinitoroka huyo. Usinichezee, binti."

"Na watoto wake?"

"Wangu! Wako ghalani, wanalilia maziwa. Haya, mlete."

"Sema kwa sauti, mzee. Sikio hili bovu."

"Wangu! Mama na watoto, wote wangu!"

Mererid, mkaguzi wa wanyama wa baraza la wilaya niliyemwita asubuhi, akatoka jikoni na kikombe chake cha chai.

"Hao wa ghalani wana chipu, Bwana Prosser? Twende tukawaone."

Idwal akarudi hatua nyuma. "Nilikuwa natania. Huyu mbwa hata simjui."

"Umechelewa," nikasema. "Umeshapiga kelele mwenyewe."

Mererid akanigeukia, akapunguza sauti. "Siani naye itabidi nimchukue. Ni ushahidi. Mahakama ndiyo itakayoamua akae na nani."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Idwal akacheka. "Umeona? Hata wewe humpati!"

"Nisimpate. Ili mradi wewe humpati tena."

Roho iliniuma, nilitaka kulia palepale mbele yake. Sikumpa raha hiyo. Nilivaa buti zangu, nikampakia Siani kiti cha nyuma cha gari la Mererid, nikaketi naye, tukaenda ghalani kwa watoto wake.