Gumba la Ouseph

Ouseph alinyofoa kipande cha mpira moto kwenye rola, akakinusa, akakivuta. Kilikatika kama muhogo wa kuchemsha.

"Huu si mpira, tajiri. Masizi yako wapi?"

Masizi ndiyo yanayoufanya mpira ustahimili lami. Kwa miaka thelathini na moja Ouseph alikuwa ameyachanganya na kuyavuta kifuani, hata kola ya shati lake la kanisani haikutakata.

"Masizi yamepanda bei," alisema Mathaichan, mwenye kiwanda. "Tumeweka udongo mweupe. Nao si unajaza?"

"Udongo unataka dawa yake ndiyo ushikane na mpira. Hiyo dawa umenunua?"

"Tutapaka rangi juu, ing'ae. Mkaguzi anaangalia juu."

"Tajiri, mikanda hii inavishwa matairi ya mabasi. Watu watakufa!"

"Ala! Siku hizi wewe fundi au padri?" Mafundi wenzake Ouseph wakacheka, kwa kuwa tajiri alikuwa amecheka. "Weka gumba."

Katika kiwanda kile cha Kottayam, kusini mwa India, mchanganyaji alibonyeza gumba ukingoni mwa kila mkanda kabla haujaingia tanurini. Desturi hiyo aliianzisha Ouseph mwenyewe ujanani, kwa majivuno, ili wanunuzi wajue kazi ni yake. Sasa alikuwa na miaka hamsini na saba na kikohozi. Viwanda vingine viwili vya mtaa ule vilikuwa vya shemeji zake Mathaichan. Aliogopa, na aliona haya kuogopa.

Akabonyeza. Siku ile alibonyeza mikanda arobaini.

Mvua kubwa za mwezi wa Karkidakam zilipoanza, basi la asubuhi liliteleza kwenye kona ya mlimani. Mkanda ulikuwa umeambuka kwenye tairi kama ngozi. Walikufa watu saba, akiwemo Aleyamma, aliyekaa benchi moja na mke wa Ouseph kanisani.

Kituoni, inspekta aliuweka mkanda juu ya meza. Rangi ilikuwa imebanduka, nyufa zimetambaa kote. Mathaichan alikuwa amekaa kitini, akinywa chai ya polisi.

"Mimi nawaamini mafundi wangu, bwana inspekta. Kila mmoja na alama yake."

"Nilimwambia masizi hayamo!" alisema Ouseph. "Muulizeni!"

"Ulimwambia, kisha ukaweka gumba?"

Ouseph alilikunja gumba ndani ya ngumi.

Askari alilipaka gumba lake wino, akaligandamiza kwenye karatasi. Likatoka doa tupu. Akarudia, likawa lilelile.

"Mkuu, huyu mzee hana mistari. Rola imeilamba yote."

Ouseph akainua uso. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alipumua vizuri.

Inspekta aliinama juu ya mkanda, akautazama kwa muda. "Na hili la kwenye mpira halina mistari. Kuna fundi mwingine wa hivi?"

"Hakuna," alisema Mathaichan. "Ni yeye peke yake. Mkongwe wetu."

Inspekta akaushika mkono wa Ouseph, akalipeleka gumba kwenye kile kishimo ukingoni, mahali pekee ambapo mpira haukuwa na ufa. Liliingia likaenea.