Chiriku Alipofunga Mdomo

Mtoto anayeitwa Chiriku hanyamazi bure. Jina hilo alipewa na mama yake, fundi cherehani, kwa sababu tangu aamke mpaka alale mdomo wake hauna likizo. Lakini asubuhi hiyo, na miaka yake saba, alikaa kwenye kigoda karibu na meza ya kukatia vitambaa, kimya, shavu moja limetuna. Humo shavuni alikuwa amebana bobini, kile kikopo cha chuma kinachokaa chini ya sindano na kutoa uzi wa chini. Bila hicho, cherehani ni pambo la nyumba.

Msimcheke, jamani. Alikuwa na sababu, tena nzito. Mwaka uliopita baba yake alipiga viatu rangi huku akiimba wimbo wa redioni: "Nikimaliza kazi hii, nakwenda zangu; wanangu msinililie." Viatu vikang'aa, akavivaa, akaenda, na mpaka leo hajaleta hata salamu. Sasa wiki nzima mama alikuwa akishona gauni la harusi, na wimbo wake ulikuwa ule ule, neno kwa neno. Sisi wakubwa tunaimba tu, kama mtu anavyopiga miayo. Mtoto alisikia taarifa ya safari. Ulibaki mkono mmoja na pindo. Kazi ikiisha, mama naye huyoo! Basi kazi isiishe.

"Nimeiweka hapa hapa, pembeni ya mkasi!" Mama alimwaga sanduku zima la vifungo mezani. "Jini gani kapita?"

Mlangoni alisimama shangazi wa bibi harusi, aliyekuja kuchukua gauni, mkoba kwapani. "Fundi, harusi ni saa nane. Sasa hivi saa tano. Au tumpeleke mtoto wa watu na mkono mmoja?"

"Nivumilie kidogo, dada."

"Nimevumilia tangu Jumatatu. Ahadi za mafundi nazijua mie!"

Mama alipiga magoti, akapapasa chini ya cherehani. Chiriku alimwona akipekua hata mabaki ya vitambaa, na roho ikamuuma. Mate yalimjaa mdomoni, yana ladha ya mafuta ya mashine. Aliyameza kidogo kidogo, akiogopa kumeza na kikopo chenyewe.

"Chiriku, hujaiona bobini?"

Akatikisa kichwa.

"Sema basi."

Akatikisa tena. Mama akainuka taratibu. Mtoto huyu akiulizwa swali moja hujibu matatu. Leo kapatwa na nini?

"Fungua mdomo."

Chiriku akarudi nyuma mpaka ukutani, na hapo mate yakampalia. Akakohoa, pumzi haikuja, macho yakamtoka. Mama alimrukia, akamwinamisha, akampiga mgongoni mara moja, mara mbili. Mara ya tatu kikopo kikaruka sakafuni.

"Lo! Huyo achapwe!" shangazi akasema.

Mama alikwishainua mkono. "Unataka kuniua, wewe?"

"Usimalize!" Chiriku alilia kwa sauti yote aliyokuwa ameibana tangu asubuhi. "Ukimaliza utaondoka! Umeimba! Na baba aliimba!"

Mkono wa mama ukashuka wenyewe. Shangazi, pamoja na ukali wake wote, akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa.

"Ule ni wimbo tu, mwanangu," mama akasema. "Nauimba kwa sababu yeye alikuwa anaupenda. Baba yako angeondoka hata angekuwa bubu. Mimi siendi popote."

Maneno hayo hayakumtosha. Baba naye alisema atarudi Jumamosi.

Mama akaona. Hakubembeleza zaidi. Aliketi kwenye cherehani, akampakata, akafuta kikopo kwa kitambaa, akakirudisha mahali pake. Wakashona mkono, wakaingia kwenye pindo. Kadiri pindo lilivyopungua ndivyo Chiriku alivyozidi kung'ang'ania nguo ya mama yake, na mama akashona hivyo hivyo, kwa shida. Uzi ukakatwa. Shangazi akakunja gauni, akashukuru kwa sauti ya chini, akatoka mbio.

"Nimemaliza," mama akasema.

Chiriku akafumba macho, akangoja. Mgongoni kwake moyo wa mama ulikuwa unadunda. Wateja wawili waligonga, wakaambiwa wapite baadaye. Walikaa vile vile, mtoto kapakatwa, mpaka miguu ikamfa ganzi mama wa watu, naye hakuinuka.