Goti Langu na Sala ya Gerishon

Nani aliyesema Mungu hamsikii mtu aliyeketi? Magoti yangu yaliharibika kwa kubeba kahawa mgongoni, nikiteremka nayo mpaka kiwandani kule Ruiru. Dresa, mhudumu wa wagonjwa katika zahanati ya Thika, akanikataza kuchuchumaa na kupiga magoti. Akanionyesha zoezi: keti, nyoosha mguu mmoja polepole, kaza paja, shikilia hapo kidogo, kisha ushushe bila kuuangusha. Nikalifanya kila siku nikimenya viazi, na paja likaanza kupata nguvu.

Jumapili, Mzee Gerishon, anayetuongoza kanisani, akaamuru wote tupige magoti sakafuni. Mimi nikabaki kwenye benchi. Sala zake ni ndefu, kwa hiyo nikanyoosha mguu na kukaza paja. Akafungua jicho moja.

"Wamboi! Unamrushia Mungu mateke?"

Wamama wakacheka.

"Ninatibu goti, Mzee. Dresa ndiye aliyeniambia."

"Dresa hakukufia msalabani! Sisi sote tuko sakafuni, wewe ni nani?"

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nikasimama, miguu ikinibeba bila kutetemeka, nikaenda mbele nikavuta pindo la kanzu yake. Chini ya magoti yake kulikuwa na mto mnene wa pamba, wenye maua mekundu.

"Mto huu nilikushonea mimi," nikasema, kanisa zima likisikia, "uliponilalamikia kwamba sakafu inakuumiza magoti. Wewe je, Mzee, dresa wako ni nani?"